Walisema Litaungua

Ilala, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia, na umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako ukumbini, maana ndivyo ulivyo. Mguu unaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi, umekunywa ile dawa niliyokutumia au umempa mtu mwingine kama kawaida yako? Mikorosho imeshaanza kutoa maua? Sisi huku tu wazima wa mwili, na hapo kwenye mwili ndipo ninapoishia.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako si simu, ni redio ya kijiji. Ukipokea tu unaweka spika, na uani wote wanaacha kutwanga ili wasikilize. Haya nataka uyasome wewe kwanza, kwa macho yako, chumbani. Miaka ile kabla simu hazijafika uliwasomea watu barua za watoto wao, na ulikuwa na tabia ya kuipitia barua kimya kimya kabla hujafungua mdomo. Hii nayo ifanyie hivyo hivyo. Inahusu jinsi mwenzangu Somoe alivyokufa, na inahusu kwa nini kaka Issa hapokei simu zako. Kwenye simu nilikupa kama habari mbili, lakini ni habari moja.

Nilikuambia jengo letu limeungua, Somoe amefariki, na baba yake mdogo wa Temeke ameamua azikwe huku huku. Hayo ni kweli. Nikakuambia Issa amesafiri na mzigo wa watu kwenda Mbeya. Hilo si kweli, Mama. Issa yuko ndani, kituo cha polisi, na aliyesema maneno yaliyomweka ndani ni mimi.

Pumua, kisha endelea kusoma.

Jengo unalikumbuka. Ulipokuja kutibiwa macho ulipanda zile ngazi mpaka dukani kwetu ukalalamika njia nzima, ukauliza kama huku Mchafukoge watu wanauza nguo au wanauza kupanda. Chini maduka ya viatu, juu yake sisi na madera na abaya za jumla, juu yetu stoo. Issa ndiye aliyetutafutia kazi pale, mimi na Somoe, maana yeye alikuwa mlinzi wa jengo kabla yetu. Bosi wetu ni yule Mama Neema, mtu wa Kilimanjaro, uliyesema anacheka kwa pua.

Sasa, katika jengo lile kila mtu alikuwa na neno moja, kwamba hili jengo litaungua. Fundi umeme akija kuunga waya juu ya waya anatikisa kichwa na kusema litaungua. Muuza chai akipanda anapita ubavu ubavu katikati ya marobota ya vitenge yaliyopangwa kwenye ngazi, anasema jamani hili litaungua, anatupa chai anashuka. Mama Neema mwenyewe alilisema huku anapokea marobota mengine. Hata mimi nililisema. Somoe alikuwa anajibu kwamba siku hiyo yeye atakuwa mtu wa kwanza kufika barabarani, na sisi tutamkuta amekaa anakunywa soda.

Nimelifikiria sana neno hilo. Kule kwetu mtu akisema shamba litaungua, ana maana ya kufanya jambo. Ataanza kufyeka njia ya moto pembeni, atawaambia majirani wahamishe kuku, atangoja upepo utulie, na siku ikifika watu wamesimama na matawi mabichi mikononi wakiulinda moto usivuke. Huku tulilisema kama watu wanavyosema kutakuwa na joto. Tulilisema mpaka likatuzoea, na kila tukilisema tuliona kama tumeshafanya jambo, tukarudi kuuza nguo.

Nikuambie moto ulivyoanza, kwa sababu mengi yatafika huko na nusu yake ni ya uongo. Moto ulianza kwenye chetezo cha Somoe. Hilo sitalificha, hata kwa Mama Somoe usilifiche.

Mama Neema ni mtu wa kanisani, udi na ubani alikuwa havijui. Lakini aliona kwamba dera alilolifukiza Somoe linaondoka kabla ya mengine. Wateja wetu wengi ni wa Unguja na Ngazija, na wale kabla ya kuuliza bei wanapeleka nguo puani. Basi akaagiza kila Ijumaa asubuhi nguo za kutundika zote zifukizwe, maana watu wakitoka kuswali ndipo wanapojaa. Somoe alikuwa na kitenga chake cha fito, kama kile cha Bibi, anakifunika juu ya chetezo huko stoo, anatandaza madera juu yake, moshi unapanda kidogo kidogo. Alifanya hivyo kwa muda mrefu na hakuna hata uzi uliobabuka. Lakini zile zilikuwa nguo za pamba. Mzigo wa mwisho ulikuja wa nailoni, unateleza mkononi, na nailoni haivumilii kabisa. Haishiki moto kama nguo, inayeyuka na kudondoka matone yanayowaka. Somoe alisema nguo hizi zinanuka vibaya zikipata joto. Akaambiwa apunguze makaa. Akapunguza.

Na kulikuwa na mlango wa nyuma. Ule wa chuma, ngazi zake zinatokea kichochoroni. Ulikuwa wazi mchana kutwa mpaka wezi walipoufanya njia yao, mtu anaingia mbele kama mteja na anatokea nyuma na abaya tumboni. Wenye maduka wakakaa kikao, wakakubaliana mlango uwe unafungwa kwa kufuli mchana, ufunguliwe mzigo ukija tu, na ufunguo akae nao mlinzi. Mlinzi ni Issa. Aliomba ufunguo wa pili utundikwe ndani kwenye msumari, wakamwambia basi si bora tuwaandikie wezi barua ya mwaliko. Akauchukua ule mmoja. Na nisimpambe kaka yangu, Mama, baada ya wiki chache alikuwa ameupenda ufunguo ule. Aliufunga kwenye mkanda wa suruali, anatembea unalia, kama jengo ni lake. Somoe alikuwa anamwamkia shikamoo mwenye nyumba.

Ijumaa ile ilipofika saa ya swala, Issa alivaa kanzu akaenda msikitini na ufunguo mfukoni, kama Ijumaa zote. Hakuna aliyewahi kumwambia auache, na yeye hakuwahi kuwaza.

Mimi nilikuwa nimeshuka na mteja kumpakilia robota lake kwenye guta. Somoe alikuwa stoo. Nilisikia watu wanasema moshi, nikadhani mtu anachoma mishikaki. Kisha ngazi za mbele zikatema watu, wanashuka wanakohoa, mmoja viatu mkononi. Moshi ulikuwa mweusi na mzito na unanuka kama ndoo ya plastiki iliyoungua. Nikahesabu wenzangu wa dukani kwa macho, Mama Neema yupo, Somoe hayupo. Yale marobota ya vitenge kwenye ngazi yalikuwa yameshika. Hakuna aliyeweza kupanda tena, na mmoja aliyejaribu alirudi nyusi zimeungua.

Nikazunguka kichochoroni. Nilimsikia kabla sijafika. Alikuwa anagonga ule mlango wa chuma kwa kitu, sijui kiatu, sijui hanga. Nikaita jina lake, kugonga kukakoma.

"Zainabu, huku pamefungwa."

Nikamwambia Issa yuko msikitini na ufunguo anao.

"Basi mfuate. Mimi nakaa hapa hapa mlangoni, siendi popote."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, Mama, kama mtu anayengoja zamu bombani. Nikakimbia. Wanaume wawili walikuwa wameshaleta mtaimbo wanaupiga mlango, lakini mlango ule ulitengenezwa kwa ajili ya wezi, na ulikuwa umetengenezwa vizuri.

Msikiti hauko mbali, lakini Ijumaa watu wanajaa mpaka nje, wametandika mikeka barabarani, na nilipofika walikuwa wameshaingia kwenye swala. Migongo mitupu. Unajua mwenyewe kwamba mwanamke hapigi kelele mlangoni pa msikiti Ijumaa. Nilipiga. Niliita kaka Issa, kaka Issa, mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyegeuka, na siwalaumu, mtu akiwa mbele ya Mola wake hageuki kwa sababu kuna mwanamke analia nje. Ningeingia katikati ya safu. Sikuingia. Nilisimama pale kwenye viatu vya watu mpaka walipotoa salamu.

Issa alitoka miongoni mwa watu wa kwanza, pekupeku, anatembea polepole. Aliniangalia usoni.

"Ni mama?"

Nikamwambia siyo mama, ni mlango. Hapo ndipo alipokimbia, na mimi sijawahi kumwona mtu akikimbia vile.

Alifungua. Moshi ukatoka, kisha Somoe akatoka pamoja na mlango, maana alikuwa amekaa ameuegemea, akaangukia miguuni pa Issa. Mtandio alikuwa ameufunga puani na mdomoni. Tulimbeba mpaka barabarani, watu wakampepea, wakammwagia maji, pikipiki ikamkimbiza hospitali. Kule daktari alimtazama mara moja tu. Gari la zimamoto lilikuja, likakwama kwenye meza za wauza bidhaa, na wenyewe wakaanza kuzibeba meza kichwani ili lipite. Jengo liliwaka mpaka alasiri.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Somoe hakuungua, Mama. Nywele zake zilikuwa nzima, mikono ilikuwa na ile hina ya harusi ya shoga yake, magoti tu yalikuwa yamechubuka. Moshi ndio uliomuua. Alikuwa kama mtu aliyelala na hasira kidogo. Nililia mpaka yule bibi mwosha akanipokonya kata ya maji.

Msibani Temeke palikaa mwanamke mmoja, ndugu yake mwenye duka la viatu lililoteketea. Alizungumza kwa sauti ili tusikie. Alisema mtu akiunguza riziki za watu wengi namna ile, na yeye huko aendako ataungua. Ndani ya nyumba yenye msiba, Mama, mbele ya shangazi zake Somoe. Niliinuka, na sijui ningefanya nini, lakini yule bibi mwosha alinishika kanga akanikalisha. Akamjibu yule mwanamke taratibu kwamba tulivyofundishwa, anayekufa motoni huhesabiwa pamoja na mashahidi, na kwamba yeye amemwosha kwa mikono yake na anajua alichokiona. Kisha akaomba aletewe chai. Yule mwanamke aliondoka kabla ya dua. Lakini neno lilishatoka, na sasa Kariakoo nzima wanalo, kwamba yule dada wa chetezo ndiye aliyechoma jengo. Hawasemi jengo limeungua, wala hawasemi moto ulianzia kwake. Wanasema kachoma. Litafika huko kwa watu wa korosho kabla ya barua hii, au limeshafika.

Hapo ndipo penyewe. Wenye maduka walikaa tena kikao, wakakubaliana kusema kitu kimoja wakiulizwa, kwamba moto uliletwa na chetezo na kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi, marehemu alichelewa tu kushuka. Mama Neema akaja chumbani kwangu. Sitaki umchukie. Mzigo wake wote umekwisha, na sanda ya Somoe alinunua yeye, na alilia kama tulivyolia sisi. Alikaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akaniambia jambo ambalo bado linanizunguka kichwani.

"Zainabu mwanangu, marehemu hafungwi. Kaka yako anafungwa."

Ni kweli tupu. Nikisema mlango ulikuwa wazi, Issa yuko salama, mimi nina kazi akifungua tena duka, na Somoe anabaki mtu aliyechoma jengo kisha akazembea kutoka. Nikisema ulifungwa, wataniuliza ufunguo alikuwa nao nani.

Issa siku hizo alikuwa analala kwangu, chini, kwenye godoro la wageni. Nikimwekea chakula ananawa mikono, anakiangalia, ananawa tena. Siku nilipoitwa kutoa maelezo nilimwambia sijui niseme nini. Nilitaka aniambie, Mama, niseme kweli, nilitaka yeye aamue halafu mimi niwe dada tu. Hakuamua. Alivaa shati lake zuri akasema atanisindikiza. Njiani ndipo aliponiambia kwamba kule msikitini aliisikia sauti yangu. Aliisikia tangu mwanzo, akaijua. Alidhani nimekuja kumwambia umekufa, kwa sababu wiki ile ulikuwa unaumwa, akajiambia kama ni hilo basi acha swala iishe kwanza, habari hiyo asiikimbilie. Akaniomba wewe usijue. Nimekuambia kwa sababu utamwona siku moja, naye atashindwa kukutazama usoni, na wewe usidhani hakupendi.

Nilisema mlango ulikuwa umefungwa. Nikasema nani alikuwa na ufunguo, na nani walikaa kikao, na kwamba Issa aliomba ufunguo wa pili wakamcheka. Nilisema alivyonijibu Somoe akiwa nyuma ya mlango, neno kwa neno. Wakamwita Issa ndani. Aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli yote. Hakutoka tena.

Wenye maduka wameulizwa mmoja mmoja, na hakuna anayekumbuka kikao chochote. Kila mmoja anasema mlinzi aliufunga tu kwa akili yake. Kwa hiyo katika wote waliokubaliana mlango ule ufungwe, aliyelala sakafuni ni yule aliyekuwa analipwa kuufunga. Nina hasira, Mama. Nina hasira mpaka nikitembea Kariakoo nikaona mlango wenye kufuli nasimama kuutazama, na mwenye duka ananiuliza dada vipi, na mimi napita zangu. Mama Neema hanipigii tena. Wengine tukikutana wanapitisha macho juu ya kichwa changu. Kila asubuhi nampelekea Issa uji na chapati, anakula sasa, kidogo. Anauliza habari zako na namwambia hujambo.

Mwambie mjomba aje. Wanataka mtu mzima wa kumdhamini, mwenye barua ya serikali ya kijiji, na mimi peke yangu wananiona mtoto. Aje na ndala, asije na viatu vyake vya Idi, huku atatembea. Bibi mpe shikamoo yangu, umwambie Issa ana kazi nyingi, yeye hana haja ya kujua zaidi. Shangazi mwambie kanga zake ziliungua na jengo, nitamtafutia nyingine Mungu akijalia. Mdogo wangu wa mwisho, anayeng'ang'ania kuja Bongo kuuza duka, mwambie nimesema asije, na akinuna mwache anune. Shemeji na watoto wote nawasalimu.

Sasa lililobaki ni lako, na ningeweza ningelibeba mimi. Nenda kwa Mama Somoe. Usimpigie, usimtume mtu, nenda wewe kabla hajaambiwa na wa barabarani. Mwambie moto ulianza kwenye chetezo cha mwanawe na kwamba alikuwa anafanya kazi aliyoagizwa. Mwambie hakuungua, mwili ulikuwa mzima, mimi nimeuosha. Mwambie alifika mlangoni, hakuzembea, alifika na akagonga. Kisha mwambie mlango ulifungwa na nani. Usianze na kikao wala na wezi wala na ule ufunguo wa pili. Hayo ni kweli lakini si yako kuyasema siku hiyo. Sema ni Issa wangu, halafu unyamaze.

Atakuwa bado yuko kwenye mkeka na wanawake wenzake. Najua ninyi wawili mmetwanga kinu kimoja tangu sisi hatujazaliwa na hujawahi kungoja kukaribishwa kwake. Siku hiyo ngoja. Usikae mpaka akuambie ukae, na asipokuambia, msikilize ukiwa umesimama.

Ni mimi mwanao niliyekutwisha haya,

Zainabu